Bustani ya Roshani: Anza na Majani, Nyanya Baadaye

Mtu akihama nyumba ya chini na kwenda kuishi ghorofa ya tatu Upanga, Kariakoo au Sinza, haichukui muda kugundua kwamba kila jani la mboga sasa linatoka gengeni. Fungu la mchicha, fungu la matembele, pilipili mbili za kachumbari, mnanaa wa chai: vyote ni kushuka ngazi na kutoa pesa. Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Ana roshani, hana uzoefu wa kilimo, na hajui aanzie wapi. Nimeuandika kwa ajili ya Dar es Salaam, kwa sababu bustani ya vyombo hutegemea sana mahali ulipo, na maelekezo mengi yanayozunguka kwenye simu yametungwa kwa nchi zenye theluji.

Tuelewane mapema: roshani haitalisha familia nzima, na anayekuahidi hivyo ana kitu cha kukuuzia. Itakachokupa ni mboga ya siku kadhaa kwa mwezi, pilipili zaidi ya unazohitaji, na viungo vya chai visivyokauka kwenye friji. Hayo yanatosha, mradi usianze na nyanya. Karibu kila anayeanza huanza na nyanya, kwenye chungu kidogo, mwezi wa Desemba, kisha anasema hana mkono wa kupanda. Mkono anao. Alichokosea ni mmea, chombo na msimu.

Jua kwanza

Kabla hujanunua ndoo wala mbegu, tumia siku moja ya mapumziko kulichunguza jua. Toka kwenye roshani saa mbili asubuhi, saa nne, saa sita, saa nane na saa kumi, na kila mara piga mstari wa chaki pale jua linapoishia. Jioni utakuwa na ramani ya roshani yako, na ramani hiyo ndiyo itakayokuambia nini kitaota.

Maelekezo ya Ulaya na Marekani husema roshani bora ni ile inayotazama kusini. Kwetu sivyo. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana hubadili upande. Kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba hupita upande wa kaskazini. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Februari hupita kusini. Roshani inayotazama kaskazini basi hupata jua lake wakati wa kipupwe, na inayotazama kusini hulipata wakati wa joto. Chunguza tena baada ya miezi mitatu au minne, maana mistari yako ya chaki itakuwa imehama.

Kisha kuna dari. Jua la Desemba hupanda juu sana. Kama dari ya roshani iko mita mbili na nusu kutoka sakafuni, mwanga wa saa sita mchana hauingii ndani hata mita moja. La Juni limeinama kidogo, hupenya karibu mita moja na nusu. Na kama ukingo wa roshani ni ukuta wa tofali hadi kiunoni badala ya vyuma, sakafu nzima inaweza kushinda kivulini huku wewe ukidhani una jua la kutosha. Dawa yake ni kuinua vyombo: kreti za soda zilizopinduliwa, matofali, au benchi la zamani.

Roshani ya mashariki ndiyo ninayomtakia kila anayeanza. Jua la asubuhi lina nguvu ya kutosha na halichomi. Ya magharibi ni ngumu zaidi, kwa kuwa jua la saa tisa alasiri hukuta ukuta umeshapata moto, na majani laini hulala chali. Huko bamia na pilipili zitavumilia; kotimiri haitavumilia.

Kwa kipimo cha jumla, saa nne za jua la moja kwa moja zinatosha mboga nyingi za majani. Mimea inayotoa matunda inataka saa sita au zaidi. Kama ramani yako inaonyesha chini ya saa tatu, usijilazimishe: panda mnanaa, kotimiri na vitunguu vya majani, uridhike.

Uzito, na jirani wa chini

Ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo uliolowa ina uzito wa kilo 25 hadi 30. Ndoo kumi ni kilo 300 hivi, sawa na watu wazima wanne au watano wasioondoka hapo mchana wala usiku. Roshani iliyojengwa vizuri itabeba, lakini panga vyombo vizito karibu na ukuta wa nyumba, kwani huko ndiko sakafu ilikoshikwa, na mwisho wa roshani weka vyepesi. Ukiona nyufa chini ya roshani yako au nondo zimechungulia, usipande chochote. Mwite msimamizi wa jengo.

Usiweke chungu juu ya ukingo, hata kwa saa moja. Upepo wa kusi wa Juni na Julai kwenye ghorofa ya tano si ule unaousikia barabarani, na chini kuna watoto wanaocheza. Vyombo vya kuning'iniza vining'inie upande wa ndani.

Jirani wa chini naye ana nguo kwenye kamba. Maji ya tope yakidondokea shuka zake nyeupe, bustani yako itajadiliwa kwenye kikao cha wakazi kabla hujachuma jani la kwanza. Weka sahani au beseni bapa chini ya kila chombo, mwagilia alfajiri kabla hajaanika, na fungu la kwanza la matembele mpelekee yeye. Kama umepanga, mwambie mwenye nyumba mapema.

Chombo kikubwa, mimea michache

Wanaoanza hununua vyungu vidogo vingi kwa sababu vinapendeza. Chungu kidogo kwenye jua la Dar es Salaam hukauka kabla ya alasiri, na mmea wenye kiu kila siku hausongi mbele. Chombo kikubwa hushika maji na mbolea kwa muda mrefu, na hukusamehe ukisahau siku moja. Ni afadhali ndoo nne za lita 20 kuliko vikopo thelathini.

Huna haja ya kununua vya duka la maua. Ndoo za rangi zilizosafishwa vizuri, madumu ya mafuta ya kula yaliyokatwa juu, mabeseni yaliyopasuka, viroba vya mchele: vyote hivi huotesha mboga. Kataa dumu lolote lililowahi kubeba dawa za mimea, mafuta ya gari au kemikali za kiwandani, hata kama limeoshwa mara ngapi. Mchicha na mboga nyingine za majani hutosheka na kina cha sentimita 15 hadi 20, kwa hiyo beseni pana huzifaa kuliko ndoo ndefu. Pilipili inataka lita 10 hadi 15 kwa shina moja. Bamia, nyanya chungu na nyanya zinataka ndoo nzima ya lita 20 kwa shina moja, na hapo pasiwe na ubishi.

Ndoo nyeusi hupika mizizi. Ipake chokaa kwa nje au ivalishe kiroba cheupe. Vyungu vya udongo wa kufinyangwa hubaki na ubaridi, ila hunyonya maji, hivyo vitakudai umwagilie mara nyingi zaidi.

Matundu ni lazima. Pasha msumari mnene kwenye jiko la mkaa, ushike kwa koleo, toboa matundu sita hadi manane chini ya ndoo, kila moja litoshe ncha ya kidole kidogo, na mengine mawili matatu ubavuni karibu na kitako. Fanya kazi hiyo nje, moshi wa plastiki si wa kuvuta. Juu ya matundu tandika kipande cha neti ya mbu iliyochakaa ili udongo usitoke. Watu wengi huweka kokoto chini wakiamini zinasaidia maji kutoka. Hazisaidii. Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye mawe. Husubiri mpaka udongo ulio juu ya kokoto ushibe kabisa. Matokeo yake ni mizizi kukaa kwenye tope na chombo kupoteza kina. Jaza udongo mpaka chini.

Udongo

Udongo wa kuchota uwanjani peke yake haufai. Kwenye ndoo, baada ya kumwagiliwa wiki mbili hivi, hushikamana, maji hupita pembeni na mizizi hukosa hewa. Changanya sehemu mbili za udongo tifutifu, sehemu moja ya samadi iliyoiva, na sehemu moja ya kitu cha kuulegeza: vumbi la makumbi ya nazi, pumba za mpunga, au maranda yaliyokaa mvuani muda mrefu. Makumbi ndiyo bora kwa pwani, yanashika maji bila kuwa tope. Yaloweke kwanza na kuyasuuza mara kadhaa, maana mengine huja na chumvi.

Samadi iliyoiva ni nyeusi, ina chenga, haina joto ukiishika, na haitoi harufu ya kupalia pua. Ya kuku mbichi itaunguza kila kitu. Kama hujui umri wake, chukua ya ng'ombe au ya mbuzi. Wauza miche na maua wa kandokando ya barabara huuza udongo uliokwisha kuchanganywa, kwa kiroba, na wengine watakupandishia hadi juu. Kabla hujalipa, lowesha konzi moja na uikamate. Ukiachia, lile donge libaki limeshikana, na ukiligusa kwa kidole livunjike. Likikataa kuvunjika ni mfinyanzi mtupu; likimwagika lenyewe ni mchanga.

Nini cha kupanda

Ningekuwa naanza leo ningeweka vyombo vinne tu: beseni la mchicha, kiroba cha matembele, ndoo ya pilipili, kopo la mnanaa.

Mchicha hukupa jibu haraka. Mbegu zake ni ndogo mno, hivyo zichanganye na mchanga mkavu kisha nyunyizia mchanganyiko huo kwenye mistari ya kina kisichozidi nusu sentimita, ufukie kidogo tu. Huchomoza siku ya tatu hadi ya tano. Ikifika urefu wa kidole, punguza ile iliyosongamana, na hiyo unayoipunguza unaila. Baada ya wiki tatu hadi nne unaanza kuvuna. Usiing'oe yote: kata juu ya vifundo viwili au vitatu, itachipua tena. Ikianza kutoa maua, imeisha. Ng'oa, ongeza samadi, panda upya. Panda beseni la pili wiki mbili baada ya la kwanza ili usipate mboga nyingi siku moja na ukaishiwa mwezi mzima.

Matembele hayahitaji hata mbegu. Nunua fungu sokoni, chagua vikonyo vilivyokomaa kidogo, kata vipande vya urefu wa shubiri, pukutisha majani ya chini, na fukia vifundo viwili. Yamwagilie kila siku kwa wiki ya kwanza. Yataonekana yamekufa siku mbili tatu za mwanzo, yaache. Baada ya mwezi mmoja na kidogo utachuma ncha, na kila unapochuma yanazidi kutawanyika. Kama nalazimishwa kuchagua mmea mmoja kwa roshani ya Dar es Salaam, ni huu.

Pilipili, iwe mbuzi au kichaa, hukaa mwaka mzima na zaidi kwenye ndoo moja. Nunua mche badala ya kuhangaika na mbegu. Mnanaa ni rahisi kuliko vyote: chukua vikonyo kwenye fungu la sokoni, viweke kwenye glasi ya maji kivulini, subiri vitoe mizizi, hamishia kwenye kopo. Uupande peke yake, kwa sababu hutambaa na kuwasonga wengine. Kivumbasi, rehani na mchaichai vinaweza kufuata.

Kotimiri huwashinda wengi. Pasua mbegu kwa kuzisugua taratibu chini ya chupa mpaka zigawanyike mara mbili, ziloweke usiku kucha, panda moja kwa moja kwenye chombo chake kivulini. Haipendi kuhamishwa, na kwenye joto la Januari hukimbilia kutoa maua. Ilime kuanzia Juni hadi Agosti.

Sasa nyanya. Ua la nyanya hushindwa kufunga tunda usiku unapokuwa wa joto, na usiku wa Januari pale Dar es Salaam huwa karibu nyuzi 25. Ndiyo maana shina linastawi, linatoa maua, na maua yanapukutika yote. Julai usiku hushuka hadi karibu nyuzi 20, na hapo mambo hubadilika. Ukiongeza mnyauko bakteria, ambao huishi kwenye udongo na huangusha shina zima likiwa bado kijani, utaona kwa nini si mmea wa mwanafunzi. Katika miezi ya joto, panda nyanya chungu na bamia. Hizo zinalijua joto letu na hazitishiki nalo.

Mbegu zinunue kwenye duka la pembejeo linaloeleweka, zikiwa kwenye pakiti yenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu nchini, na usome tarehe ya mwisho. Pakiti iliyoning'inia juani mlangoni mwa duka kwa miezi, iache hapo hapo.

Maji

Hapa ndipo mimea mingi ya roshani hufa, na mingi hufa kwa kuzidishiwa. Usimwagilie kwa ratiba ya saa. Chomeka kidole mpaka kifundo cha pili. Kukiwa na unyevu, acha. Kukiwa kukavu, mwagilia mpaka maji yatoke kwa chini. Vikombe viwili vya juu juu kila siku hulowesha udongo wa juu tu, na mizizi hubaki hapo hapo juu ikisubiri kuungua. Asubuhi ndio wakati mzuri. Majani yanayolala na maji usiku huvuta ukungu, hasa masika. Na masika yenyewe yakifika usidhani mvua inakufanyia kazi: chini ya dari ndoo inaweza kukauka huku barabara ikiwa mto.

Maji ya visima katika sehemu nyingi za jiji yana chumvi. Ukiona utando mweupe juu ya udongo au ncha za majani zimeungua, ndiyo hiyo. Kinga maji ya mvua kwenye pipa lenye mfuniko, tumia maji ya kuoshea mchele, na mara moja kwa mwezi mimina maji mengi yasiyo na chumvi kwenye kila ndoo yapite na kuondoka na chumvi. Yanayodondoka kwenye kiyoyozi hayana chumvi, lakini mimi huyaachia maua, kwa kuwa yamepita kwenye chuma na vumbi.

Sahani za chini ya vyombo zimwage kila baada ya siku mbili tatu, bila visingizio. Mbu Aedes, anayeeneza homa ya dengi, hutaga kwenye maji kidogo yaliyotulia karibu na watu, na kutoka yai hadi mbu kamili inaweza kuchukua takriban wiki moja tu. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na tena 2019. Mbu huyo huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakikulindi. Bustani inayofuga mbu ni bora isiwepo.

Mbolea, wadudu na kunguru

Kila ukimwagilia, chakula cha mimea hutoka na maji. Baada ya wiki nne ongeza konzi mbili za samadi iliyoiva juu ya udongo, na urudie kila mwezi. Chai ya samadi, ile ya kuloweka kwenye pipa kwa siku kadhaa, inafanya kazi vizuri shambani. Kwenye fleti itakugombanisha na ngazi nzima. Maganda ya ndizi na ya mayai yanayosifiwa kwenye video huoza polepole na kuita mende. Ukitumia mbolea ya dukani, kijiko kidogo cha NPK kwa ndoo, mbali na shina, kinatosha mwezi mzima.

Wadudu utakaowaona kwanza ni vidukari na inzi weupe, chini ya majani. Kijiko kidogo cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, nyunyizia jioni upande wa chini wa jani, rudia baada ya siku nne. Kwenye roshani hakuna sababu ya kununua sumu. Unakula kile ulichonyunyizia, na dirisha la chumba cha mtoto liko hapo.

Kunguru ni habari nyingine. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu, waliotoka India na kuletwa Zanzibar miaka ya 1890, hung'oa miche kwa udadisi tu na kuitupa. Funika vyombo vipya kwa kipande cha wavu wa zamani wa kuvulia mpaka miche ishike. Sanamu ya kuwatisha hawaiogopi, huikalia.

Kama ni mwezi wa Machi au Novemba, beseni la mchicha linaweza kupandwa Jumamosi hii. Mbegu za nyanya sia mwishoni mwa Aprili au Mei, miche ihamie kwenye ndoo Juni, moja kwa kila ndoo. Kabla ya hapo, kula matembele.